Nunua Racheti Moja, na Mpini wa Kuilinda

Nina kovu dogo kwenye kifundo cha kidole cha kati, mkono wa kulia. Nililipata chini ya gari, nimelala chali, nikihangaika na bolti ya stata iliyoshikana kwa kutu. Nilivuta racheti, ule mpini wa kufungulia bolti unaolia "tri-tri-tri" ukirudisha mkono, ikakaza. Nikauma meno nikavuta tena. Ndani yake kikalia "trak!" na ngumi yangu ikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa chesisi. Bolti haikusogea. Nilitoka huko chini mkono unavuja damu, nikaitukana racheti, nikamtukana na aliyeniuzia, na kwa muda mrefu kila aliyeniuliza habari za vifaa nilimpa jibu moja: racheti za bei ya chini ni chuma chakavu kilichong'arishwa.

Siku hizi sisemi hivyo. Nilikuja kuifungua ile racheti, nikakuta meno matatu ya gia yamemong'onyoka, na hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa naliruka kila nilipoisimulia habari hii. Mpini wa racheti ile nilikuwa nimeuvika bomba la chuma la sentimita 60.

Hebu tupige hesabu. Nguvu ya kuzungusha hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya mkono na urefu wa mpini. Mtu anayevuta kama anayenyanyua kilo 40, kwenye mpini wa sentimita 20, anatoa karibu nyutonimita 78 (nyutonimita ndiyo kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Mtu huyohuyo, kwa mkono uleule, akivuta kwenye mwisho wa bomba la sentimita 60, anatoa 235. Sasa kipo kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 3315, kinachotaka racheti yenye mraba wa inchi 3/8 (mraba ni ile ncha inayochomekwa kwenye soketi, kile kikombe kinachovaa kichwa cha bolti) istahimili angalau nyutonimita 202. Yangu ilikuwa ya 3/8. Kwa hiyo hata ningekuwa na racheti iliyotimiza kiwango hicho, bomba langu lilikuwa limeshavuka mpaka. Na ile yangu sidhani kama iliwahi kupimwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye pesa kidogo hauanzi na racheti yenyewe. Unaanza na ule mpini mrefu mtupu, usio na gia wala meno ndani, wenye mraba unaokunjika mwishoni. Ule ndio wa kulegezea bolti zilizokaidi. Ni chuma tu na pini moja, hauna kitu cha kumenyeka, kwa hiyo hata wa bei ndogo hufanya kazi. Racheti kazi yake inaanza bolti ikishakubali: kuizungusha upesi mahali ambapo mkono hauna nafasi. Ukigawa pesa yako ndogo kati ya hivi viwili, racheti ya kawaida tu itakaa miaka. Ukiimwaga yote kwenye racheti moja ya kifahari halafu ukaivika bomba, utaivunja vilevile, na kilio kitakuwa kikubwa zaidi.

Haya, racheti yenyewe sasa.

Ukiifungua kichwa utakuta vitu vichache mno: gia ya duara yenye meno, kipande kidogo kama ulimi kinachong'ata meno hayo, springi ya kuusukuma ulimi, na swichi ya kugeuza upande. Ukivuta, ulimi unang'ata na mraba unazunguka. Ukirudisha mkono, ulimi unaruka juu ya meno, ndio ule mlio wa "tri-tri-tri". Basi. Kila uzuri na kila ubaya wa racheti umo kwenye jinsi ulimi unavyokaa kwenye meno, na hicho ndicho kitu usichokiona dukani.

Badala yake unaoneshwa idadi ya meno. Meno 72! Meno 90! Meno 120! Imekuwa kama mashindano ya kamera za simu. Maana yake ni rahisi: gawanya 360 kwa idadi ya meno, utapata nyuzi unazohitaji kuusogeza mkono kabla ulimi haujang'ata jino linalofuata. Meno 24 ni nyuzi 15, meno 36 ni nyuzi 10, meno 72 ni nyuzi 5, meno 120 ni nyuzi 3. Kwenye mpini wa sentimita 20, nyuzi 15 ni kama sentimita 5 za kusogeza mkono, nyuzi 5 ni chini kidogo ya sentimita 2, na nyuzi 3 ni sentimita 1. Aliyewahi kufanya kazi nyuma ya injini, mkono umebanwa kati ya ukuta na bomba la maji ya moto, anajua tofauti ya sentimita 5 na 2. Ya kwanza haiingii kabisa. Ile ya 2 na 1, kusema kweli, nimeihitaji mara chache sana.

Tena meno hayo mengi yanatoka wapi? Gia haiongezeki ukubwa, kwa hiyo kila jino linazidi kuwa dogo. Watengenezaji wazuri hulitatua hilo kwa ulimi mpana unaong'ata meno mengi kwa pamoja, au kwa ndimi mbili zinazopishana nusu jino, hivyo gia ya meno 36 inang'ata mara 72 kwa mzunguko mmoja. Zote zinataka ukataji wa chuma wa uangalifu. Uangalifu huo ndio unaoulipia kwenye bei. Racheti ya bei ndogo inayojigamba kwa meno 120 imebana gharama mahali fulani, na mahali penyewe utapajua siku meno yatakaporuka ukiwa umeegemea. Kwa bajeti ndogo mimi nachukua meno kati ya 36 na 72, na nikilazimika kuchagua kati ya wingi wa meno na unene wa jino, nachukua unene.

Halafu kuna ule muhuri wa CR-V kwenye mpini. Unamaanisha chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, ni chuma kizuri. Lakini muhuri huo uko kwenye mpini, na mpini ni nadra kuvunjika. Kinachovunjika ni gia na ulimi, na juu ya hivyo muhuri hausemi neno. Vilevile chuma kizuri kilichopashwa moto na kupozwa vibaya hubaki laini au kinakuwa kigumu hadi kupasuka kama kioo. Nauchukulia muhuri kama cheti cha kuzaliwa. Hausemi lolote kuhusu tabia.

Kinachosema ni mkono. Racheti ikiwa mbele yako, shika mraba wake kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, bila kubana, halafu zungusha mpini kuelekea upande ule ambao ulimi unaruka. Racheti nzuri itaruka na mraba utabaki umetulia katikati ya vidole. Racheti nzito itauzungusha mraba pamoja na vidole vyako. Hili nalipa uzito kuliko idadi ya meno, maana ndilo litakalokukera kila siku: umeshailegeza nati, imekuwa nyepesi, unavuta inafunguka robo mzunguko, unarudisha mkono nayo inajikaza robo ileile. Unaweza kukaa hapo hadi jua lizame. Wengi huishia kuitoa racheti na kumalizia kwa vidole.

Ukimaliza hilo, tikisa mraba kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, kuyumba kama jino bovu si kawaida. Geuza swichi mara kumi. Ikikwama, au ikibaki katikati bila kushika upande wowote, rudisha. Angalia swichi imekaa wapi, maana zilizochomoza sana hugusa kitu kwenye nafasi finyu na kujigeuza zenyewe wakati unavuta, na hapo nimeshakuonesha kovu langu. Angalia na upande wa nyuma wa kichwa kama kuna skrubu. Racheti yenye skrubu inafunguka, inasafishika, inabadilishwa gia. Zile zilizozibwa kwa kugongelewa ni za kutumia na kutupa, hata zing'are namna gani.

Kitufe cha kuachia soketi mgongoni ni raha, ingawa si lazima. Kina kisa chake lakini. Kijana wa Marekani aitwaye Peter Roberts, muuzaji wa dukani mwenye umri wa miaka 18, ndiye aliyebuni namna ya kuitoa soketi kwa kubonyeza kwa mkono mmoja, akaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1964. Kampuni ya Sears ikainunua haki hiyo kwa malipo yasiyozidi dola 10,000, na kesi aliyoifungua baadaye akidai alipunjwa iliisha kwa makubaliano mwaka 1989. Nikiibonyeza huwa namkumbuka. Ila kwenye racheti za bei ndogo kitufe hicho mara nyingi ndicho cha kwanza kulegea, na soketi inaanza kudondoka yenyewe ndani ya injini, kwa hiyo kijaribu kwa kutikisa soketi nzito ikiwa imechomekwa.

Ukubwa upi? Mraba wa 1/4 ni wa vitu vidogo, vya plastiki na vya ndani ya dashibodi. Mraba wa 1/2 ni wa magurudumu na sehemu za chini. Ukinunua mmoja, nunua 3/8. Bolti za milimita 10, 12 na 14, ambazo ndizo nyingi kwenye magari ya Kijapani, zote ni chakula chake, plagi pia. Na ule mpini mtupu nunua wa 1/2, kwa sababu nati za magurudumu hukazwa karibu nyutonimita 100 na zinapokaa muda hudai zaidi ya hapo kufunguka. Kiunganishi kidogo cha kutoka 1/2 kwenda 3/8 kitakuwezesha kutumia soketi zako pande zote mbili, mradi usisahau kwamba ukishakiweka, mpaka wa nguvu ni ule wa 3/8.

Sasa lile sanduku. Unalijua: la plastiki, limefunguliwa mbele ya duka, vipande 100 na zaidi vimepangwa vinametameta kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hesabu ndani yake vipande vingapi ni biti za bisibisi na vingapi ni soketi za vipimo vya inchi ambazo huenda usizishike maishani, halafu ujiulize racheti yenyewe imebakiwa na fungu gani la pesa. Joseph Johnson alipoanza kuuza soketi zinazobadilishana mipini huko Marekani mwaka 1920, hoja yake ilikuwa kinyume kabisa cha sanduku hili: mipini 5 na soketi 10 zifanye kazi ya spana 50. Wazo zima lilikuwa kupunguza. Mimi naona ni heri racheti moja na soketi 8 ulizozichagua kwa mkono, zenye pembe 6 ndani, kuliko kifurushi cha soketi za pembe 12. Pembe 6 hushika ubavu wa nati. Pembe 12 za bei ndogo hushika kona, na kona zikishalainika umepata kazi nyingine ambayo hukuipanga. (Ya milimita 10 nunua mbili. Moja itapotea, usiniulize inaendaga wapi.)

Mtumba nao usiudharau. Racheti kuukuu ya kampuni yenye jina, iliyochafuka kwa grisi nyeusi na kukwaruzika mpini, mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina, kwa sababu chuma chake kimeshathibitika na gia zake huenda bado zinauzwa. Ifanyie majaribio yaleyale. Ikiwa nzito, usiikatae haraka, huenda ni grisi tu iliyoganda ndani. Wengi wanadhani grisi nyingi ndiyo matunzo, kumbe grisi nzito hufanya ulimi ukwame na kuchelewa kurudi kwenye jino, na ulimi uliong'ata nusu ndio unaovunja meno. Ifungue juu ya kitambaa, polepole, maana ile springi na kijipira chake huruka na sakafu ya gereji hairudishi kitu. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka matone machache ya mafuta mepesi, funga.

Ile iliyonikata bado ninayo. Kwa bahati ilikuwa na skrubu, na nilipata gia na ulimi wa kutosha vipimo kutoka kwenye racheti nyingine iliyokufa mpini. Inalia vizuri tu. Na ile bolti ya stata niliirudia keshoye kwa mpini mtupu, baada ya kuilowesha mafuta usiku kucha. Ilitoa mlio mmoja, kama mlango wa zamani, ikaachia. Zilizobaki nilizitoa kwa racheti nyingine, mkono mmoja, ule usiokuwa na bandeji.