Paka wa ghorofani na tonge la ugali

Jirani yangu wa ghorofa ya pili humwekea paka wake ugali kila jioni, umemwagiwa mchuzi wa dagaa. Dagaa wenyewe wameshaliwa na watoto. Paka huramba mchuzi wote, kisha hukaa kando ya tonge akiliangalia kama mgeni aliyeletewa sahani ya mtu mwingine. Nilipouliza, jirani akacheka: "Bibi yangu kafuga paka saba kwa ugali, tena wanene!"

Unene nauamini. Ila paka wa bibi walikuwa na panya ghalani, mijusi ukutani na matumbo ya samaki uani. Ugali ulikuwa nyongeza tu. Huyu wa ghorofani dirisha lake lina wavu, na panya hajawahi kumwona.

Shida iko kwenye salfa. Nyama na samaki wana asidi amino (yaani matofali ya protini) mbili zenye salfa, methionini na sisteini. Mwili wa mnyama hugeuza methionini kuwa sisteini, wala hauwezi kuirudisha nyuma. Kutoka kwenye sisteini, ini la mbwa au la panya hutengeneza taurini, kirutubisho ambacho macho na moyo wa paka haviwezi kukosa. Paka naye anavyo vimeng'enya (vichocheo vya mwili) vya kazi hiyo, lakini ni dhaifu mno. Na matumizi hayapungui: mimi na wewe taurini ikiwa haba, nyongo yetu hutumia glisini, asidi amino nyingine, badala yake, lakini nyongo ya paka haikubali mbadala, na kila siku kiasi fulani hupotea na kinyesi. Dume ndiyo kabisa. Sisteini nyingine anaifanya kemikali iitwayo felinini na kuimwaga kwenye mkojo, ile harufu inayokufanya uanike mkeka siku tatu.

(Jina taurini limetokana na fahali kwa Kilatini, maana ilipatikana kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe mwaka 1827. Ng'ombe mwenyewe hana wasiwasi. Vijidudu vya tumboni mwake humtengenezea methionini akiwa anacheua.)

Taurini ikikosekana, kama kwenye ugali mtupu, paka huanza kupofuka, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikishakufa hairudi. Moyo nao hutanuka na kulegea. Mwaka 1987 daktari wa mifugo Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye moyo wa namna hiyo walikuwa na upungufu wa taurini, na walipopewa, mioyo ikapata nguvu tena. Wengi wao walikuwa wakila chakula cha kiwandani, cha kununua! Kwa hiyo simcheki jirani. Kama viwanda vya Marekani vilikosea, yeye na sufuria yake ana kosa gani?

Tena nusu ya mambo alikuwa ameyapatia. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake ilikuwa kwenye ule mchuzi. Ila mchuzi wa watu una chumvi na kitunguu, na kitunguu ni sumu kwa paka. Ninachodai ni kidogo: dagaa wachache wachemshwe pembeni, bila kiungo, apewe pamoja na maji yao. Mioyo ya kuku ni bora zaidi, na buchani haina bei ya kutisha.

Juzi nilipanda na kibakuli cha mioyo. Paka alikisukuma hadi mlangoni kwa kulamba. Tonge la jana lilikuwa bado pale, limekauka juu.