Kuhusu jalada la Kamala Harris

Makala ninayoyajibu hapa yanawalaumu wasomaji waliokasirishwa na jalada la jarida la mitindo la Vogue la Februari 2021, wakiona picha yake ilimdhalilisha Kamala Harris, kwamba walishughulika na mavazi wakasahau siasa. Siafiki. Harris alikuwa makamu mteule wa rais wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa huo, na namna alivyoonyeshwa ilikuwa sehemu ya habari yenyewe.

Itazameni picha kwa makini: koti jeusi, raba za Converse, na nyuma yake kitambaa cha waridi kilichoshuka hadi sakafuni mbele ya ukuta wa kijani. Rangi hizo ni za Alpha Kappa Alpha, jumuiya ya wanawake Weusi aliyojiunga nayo akisoma Chuo Kikuu cha Howard, jambo ambalo wakosoaji wengi walilipita bila kulitaja. Mpiga picha, Tyler Mitchell, ndiye mtu Mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada la Vogue ya Marekani, mwaka 2018, na kwa hiyo siwezi kukubali kwamba nia ilikuwa kumdhalilisha Harris.

Kosa ninaliona kwa wahariri. Iliripotiwa wakati ule kwamba wasaidizi wa Harris walitarajia picha nyingine, aliyovaa suti ya samawati, ndiyo itakayotumika kwenye jalada, lakini hiyo ikawekwa mtandaoni tu, hadi malalamiko yalipozidi ndipo likachapwa toleo maalumu lenye picha hiyo. Kilichowezekana baadaye kingewezekana tangu mwanzo, na wasomaji wangepata nafasi ya kujadili kazi iliyokuwa ikimsubiri.