"Ajali haina kinga"? Hii ilikuwa nayo, imebandikwa mlangoni

Jumamosi nimeamka nakuta picha kwenye grupu letu la WhatsApp, la Watanzania wa huku Minnesota. Katrela keupe ka kulalia kempingi kamelala ubavu pembeni ya barabara kuu ya I-35, kaskazini ya Hinckley, mlango wake umefunguka unaangalia juu, nyasi zote zimejaa vitu, sufuria, kigodoro cha mtoto, mfuko wa mkaa umepasuka. Gari limesimama hatua chache mbele, limegeuka linatazama lilikotoka. Kaka yetu, shemeji na watoto watatu wote wazima, Mungu ni mwema, yule mtoto wa kati tu ana alama ya mkanda begani. Nikashukuru. Halafu nikaanza kusoma majibu. Poleni sana. Mungu amewaepusha. Na chini yake, mtu mmoja baada ya mwingine, wanaandika ile ile: ajali haina kinga.

Hapo ndo nikashindwa. Sikujibu kitu kwenye grupu maana si ustaarabu mtu katoka kunusurika na familia yake halafu unamletea hesabu. Ila nimelala na hili jambo siku nne, jana nikamwendea nyumbani, tukaongea mpaka watoto wakalala, na mwenyewe kanambia andika, ila jina langu usitaje. Kwa hiyo naandika. Hii ajali ilikuwa na kinga. Imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukifungua tu mlango iko hapo, kikaratasi cheupe chenye mstari wa njano kinachosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi uzito fulani. Kwenye gari la kaka yetu kimeandikwa pauni 1,210, kama kilo 550 hivi. Nimekisoma jana kwa tochi ya simu tukiwa tumesimama wote wawili pale nje, na anaendesha hilo gari mwaka wa nne hajawahi kukisoma. Wala simlaumu, nani kamwambia akisome?

Maana aliyemuuzia trela hakumwambia. Alimuuliza unaendesha gari gani, akaangalia kwenye kompyuta, akasema gari lako linavuta pauni 5,000, trela hili ni 3,400, umebakiwa na 1,600 za kuchezea, saini hapa. Jamani. Ile 3,400 ni trela tupu kabisa, lilivyotoka kiwandani. Haina betri. Haina gesi. Haina maji, na tenki la galoni 30 likijaa peke yake ni karibu pauni 250. Halafu weka na sisi tunavyosafiri. Mzungu anaenda kempingi na soseji na viti viwili. Sisi tunaenda na friji la nyama ya mbuzi, mchele, jiko la mkaa, mkaa wenyewe, sufuria la pilau la watu ishirini maana kuna familia nyingine tatu tunakutana nao huko, jenereta, na godoro la ziada kwa sababu bibi wa watoto hawezi kulala kwenye vile vigodoro vyao. Kaka yetu tumepiga hesabu jana kitu kwa kitu, trela lake lilikuwa na pauni kama 4,300.

Bado ni chini ya 5,000, si ndiyo? Ndo maana watu wanadanganyika. Hiyo 5,000 ni ya kuvuta tu. Trela haliburuzwi tu nyuma, linalalia gari pia, sehemu ya uzito wake inakaa juu ya ile boli ya kufungia, kile kichuma cha mviringo kama mpira nyuma ya gari, na ili litulie barabarani inatakiwa iwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Kwa trela la 4,300 chukua 12, ni pauni 516. Sasa hiyo 516 haitoki kwenye 5,000, inatoka kwenye ile 1,210 ya mlangoni, ile ile ambayo ndani yake mna baba, mama na watoto watatu, ambao kwa pamoja ni 600. Mizigo ya kwenye buti 150. Vyuma vya kufungia trela navyo vina uzito, weka 80. Imebaki 380. Na trela linahitaji 516. Yaani kabla hawajatoka kwenye maegesho ya nyumbani walishapitiliza, na gari lenyewe liliwaambia, maana Ijumaa jioni alipofunga trela nyuma ya gari ilishuka mpaka taa za mbele zikawa zinamulika madirisha ya jirani.

Kaka yetu si mzembe. Aliona nyuma imelala, akajua hapa kuna tatizo, akafanya kitu ambacho ungefanya wewe na ningefanya mimi. Akahamisha mizigo. Jenereta, mkaa, friji la nyama, vyote akavipeleka mwisho kabisa wa trela, nyuma ya matairi. Gari likainuka, likakaa sawa, akafurahi, akaenda kulala.

Kama umewahi kuona mtu anavuta mkokoteni Kariakoo basi unajua kilichofuata. Mkokoteni ukijazwa nyuma mikono inapanda juu, mvutaji anaanza kuning'inia, akikata kona kidogo mzigo ndo unamwelekeza yeye pa kwenda. Vijana wale hawakusomea popote na hakuna hata mmoja anayepakia nyuma, wanapanga mzigo mpaka mkono wa mbele ushuke wenyewe kidogo, ndo wanaondoka. Trela la magurudumu mawili ni mkokoteni, hamna tofauti, ila huu unakwenda maili 70 kwa saa na ndani ya gari linaloelekezwa wamo watoto.

Alivyonisimulia ni hivi. Wametoka Hinckley wanakwenda vizuri, anaendesha 70 kama wenzake. Semi likampita kushoto. Ule upepo wa semi ukasukuma trela, akasikia usukani umekuwa mwepesi, anasema kama mtu amenyanyua gari kwa nyuma. Trela likaenda kulia, likarudi kushoto, likaenda kulia zaidi. Shemeji akasema "Baba nini hicho?" na yeye akafanya anachofanya kila mtu akiogopa, akakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo, trela halikupunguza, likaja na uzito wake wote ubavuni. Anasema kuanzia semi lilipopita mpaka kusimama kwenye nyasi haikufika sekunde kumi.

Na kwa nini trela halikupunguza? Jana nilipofika nilienda moja kwa moja kuangalia plagi. Pini nne. Waya wa pini nne unawasha taa tu, basi. Ni ule wa pini saba ndo unapeleka umeme kwenye breki za trela, tena kwenye gari lazima kuwe na kifaa cha kuziendesha. Sheria ya Minnesota inataka trela lolote la kuanzia pauni 3,000 liwe na breki zake, na trela la kaka yetu breki inazo, nzuri kabisa, mpya. Hazikuunganishwa na kitu chochote. Mtu kauziwa trela lenye breki, kafungiwa waya wa taa, kapungiwa mkono aende. Hili nikilifikiria mwili unanisisimka.

Kwa hiyo naomba ukariri, na mwambie na mkeo au mumeo maana siku hiyo huenda yeye ndo yuko kwenye usukani. Trela likianza kuyumba usikanyage breki ya mguu na usipambane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na kile kifaa cha breki za trela kina kitufe cha mkono, kibonyeze taratibu, trela lenyewe ndo lifunge breki livutike nyuma linyooke.

Mzee wangu ameendesha semi Dar–Tunduma miaka mingi, likizo za shule alikuwa ananipandisha mpaka Iringa. Mizani ya Mikese mi naikumbuka kuliko hata madarasa, foleni ya malori, vumbi, Mzee anashuka na makaratasi, ekseli moja moja zinapanda, na uso wake unavyolegea namba ikija vizuri. Sisi watoto wa Bongo tumekulia kwenye nchi ambayo lori haliendi popote bila kupita mizani, halafu tukija huku tunapakia familia nzima na kuondoka bila kupima hata kitu kimoja. Mlima Kitonga alikuwa ananiambia gia unayopandia ndo unayoshukia, na mi maneno hayo hayo ndo nayasema peke yangu kila nikiteremka Thompson Hill naingia Duluth, ziwa lote liko mbele yangu na trela liko mgongoni.

Na mizani huku ipo kila mahali. Vituo vikubwa vya malori vina mizani inaitwa CAT Scale, hata sisi wenye vigari vidogo tunaruhusiwa, haifiki dola 20. Unapanda na kila kitu ndani, watoto wamekaa, maji yamejaa, unapewa karatasi yenye namba tatu, matairi ya mbele, ya nyuma, na ya trela. Unaenda pembeni unalifungua trela, unarudi kupima gari peke yake na watu wake ndani. Jumlisha zile mbili za gari wakati trela limefungwa, toa uzito wa gari peke yake, kinachobaki ndo kiko juu ya boli. Kama una vile vyuma vya kugawanya uzito, vilegeze kwanza kabla ya kupima. Mi katrela kangu ni Scamp ya futi 16, kakijaa kana pauni 2,600, na kwenye boli ni 300. Karatasi yake nimeihifadhi ndani ya gari, na kila tukibadilisha mizigo narudi kupima.

Najua mtu ataniambia fulani anavuta mwaka wa kumi hajawahi kupima na hajawahi kupata hata panchari. Ni kweli, wapo, nawafahamu. Labda bahati, labda wanapakia vizuri bila kujua. Na nakubali kwamba gari la kuvuta trela la 4,300 kwa raha na watu watano ndani ni pikapu kubwa na si kila mtu ana hela ya pikapu kubwa, mimi pia sina. Basi nunua trela dogo zaidi. Hivi vya umbo la yai vya fibaglasi kama Scamp vinatengenezwa hapa hapa Minnesota, Backus, magamba mawili yameunganishwa kama boti, paa halina viungo vya kuvuja kama yale ya mbao na bati yanayotoka viwanda vya Elkhart, Indiana. Ni finyu kweli, sisi tunalala tumebanana, na yaliyotumika bei haishuki, hilo sina la kukutetea.

Mengine kwa haraka maana nimeshasema mengi. Ukinunua lililotumika, bonyeza kuta kwa dole gumba, kwenye pembe na chini ya madirisha, pakibonyea ondoka, mbao zimeoza hata kama rangi inang'aa. Matairi angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la trela likifika miaka sita mi nalitoa hata kama kashata zake ziko nzuri, na mengine yametengenezwa kwa maili 65 siyo 75. Beringi grisi kila mwaka, ukisimama kujaza mafuta shika kitovu cha gurudumu, kikikuunguza usiendelee. Oktoba toa maji yote kwenye mabomba uingize ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, usingoje sikukuu ya Shukurani mwisho wa Novemba, bomba likipasuka na barafu utalijua Mei maji yakiwa yamejaa chini ya sakafu.

Kaka yetu anasema atanunua lingine, watoto wameshaanza kuuliza. Shemeji hataki hata kulisikia neno trela, na ana haki. Jumamosi hii saa tatu asubuhi naenda naye kupima gari lake kwanza, wakiwa wote watano ndani, kabla hajaenda kuangalia trela lolote. Mwenye trela na aje, aje amelipakia kama anavyosafiri, na sufuria lake la pilau liwemo. Mi nitakuja na kalamu.