Mahindi ya Mwakirunge yapandwe katika wiki moja

Mvua ya mwaka, yaani masika, ikianza, kila shamba hapa Mwakirunge, Mombasa, lina tarehe yake. Huyu ametia mbegu mwisho wa Machi, yule katikati ya Aprili, mwingine anangoja Mei. Maoni yangu ni kwamba pengo hilo ndilo linalowalea viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017, kuliko hata uhaba wa dawa.

Tuhesabu. Kwa joto la Pwani, mdudu huyu humaliza mzunguko wake kwa siku 30 hivi: yai siku 2 au 3, kiwavi wiki mbili, kisha pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akigeuka, ndani ya udongo, halafu nondo. Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Mahindi yaliyoota mapema Aprili yakitagiwa, nondo wapya watatoka katikati ya Mei, nao wanatafuta mahindi machanga. Aliyepanda mwanzo wa Mei ndiye anayo, yana majani manne au matano. Hakukosea palizi wala mbolea. Amepokea kizazi kilicholelewa kwa jirani.

Aliyepanda mapema hupata na msaada wa bure: mvua kubwa hujaa kwenye moyo wa muhindi na kuwazamisha viwavi wadogo.

Lakini mapema si papara. Manyunyu ya Machi hudanganya. Mbegu huota, jua hurudi, miche hufa, mkulima hurudishia, na shamba moja linabaki na mahindi ya rika tatu. Chimba sentimita 15, ubonyeze udongo wa chini mkononi. Ukishikana bonge, panda. Anayepanda kavu aizike mbegu sentimita 5 hadi 7 ili rasharasha isiiamshe. Mapengo yanayoonekana baada ya wiki moja yajazwe kunde, si mahindi.

Zimbabwe wamelifanya jambo hili sheria kwa tumbaku: mabua yaharibiwe kufikia 15 Mei, vitalu visisiwe mbegu kabla ya 1 Juni, miche isihamishiwe shambani kabla ya 1 Septemba. Katikati hapo vidukari wanaoeneza virusi hukosa jani la tumbaku la kufyonza. Sisi hatuhitaji sheria. Kikao kimoja cha majirani mwezi Februari kinatosha kukubaliana wiki ya kupanda.

Kikao hicho kizungumzie na mabua ya vuli. Yakiachwa wima, vipekecha mabua, wadudu wengine wa mahindi, hulala ndani kiangazi kizima wakingoja mvua. Yalazwe chini juani mwezi mmoja wakati wa kaskazi, au wapewe ng'ombe.

Miche ikishaota, kagua mara mbili kwa wiki, miche 20 katika kila moja ya sehemu 5 za shamba. Fungua jani la kati. Utaona vidirisha vyeupe vilivyokwanguliwa, na kinyesi kama unga wa msumeno. Iliyoliwa ikiwa chini ya 20 kati ya 100, acha bomba la dawa nyumbani, maana dawa ya ovyo inaua pia nyigu mdogo aliyeachiliwa Pwani mwaka 1993 kuwamaliza vipekecha mabua. Ikizidi hapo, piga jioni, mdomo wa bomba ukielekea moyoni mwa muhindi. Usingoje viwavi wakomae: kiwavi mkubwa hujiziba ndani kwa kinyesi chake, na dawa haimfikii.