Bunduki Ina Msimu, Kamera Haina

Kila tarehe 20 Februari, bunduki za wawindaji wa bata hunyamaza kwenye mwambao wa England. Bara uwindaji hufungwa tarehe 31 Januari. Kule matopeni, chini ya mstari wa maji kujaa, wawindaji huongezewa siku ishirini, kisha basi, mpaka Septemba mosi. Na baridi ikikaza katikati ya msimu, ardhi ikaganda kwa takribani majuma mawili mfululizo, serikali inaweza kusimamisha uwindaji kabla hata tarehe hiyo haijafika. Sababu haihitaji shahada kuielewa: ndege aliyeshikwa na njaa na baridi hana nguvu za kuchezea.

Sisi wenye darubini na kamera hatuna tarehe kama hiyo. Kwetu sisi mwisho wa Februari ndio kwanza mambo yanachangamka. Jua limeanza kuchelewa kutua, bata bukini bado hawajaondoka, na bamvua, yaani siku maji yanapojaa kupita kawaida, za kuelekea Machi ni miongoni mwa kubwa kabisa za mwaka. Tunafika kwa magari, na mbwa, na lenzi ndefu kama mkono. Mimi si shabiki wa bunduki. Lakini katika jambo hili mwindaji amewekewa mipaka, na sisi tunaojiita wapenzi wa ndege tumeachwa tujiamulie wenyewe. Tunajiamulia vibaya.

Nazungumzia hasa mlango wa mto Blackwater, huko Essex, upande wa Tollesbury na hifadhi ya Old Hall Marshes inayosimamiwa na RSPB, shirika la kulinda ndege lililoanzishwa 1889. Asiyeufahamu mwambao huu asiwaze mchanga mweupe na minazi. Ni tope tupu, halafu kinamasi cha chumvi kilichokatwakatwa na hori nyembamba zinazopindapinda, mimea mifupi iliyochujuka rangi, na tuta refu la udongo linalotenganisha yote hayo na mashamba. Unatembea juu ya tuta. Upepo unatoka mashariki na hakuna kilima cha kuuzuia. Vidole vinakufa ganzi ndani ya glavu. Mtu wa Tanga au Mombasa atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mwenye akili timamu aje huku kwa hiari yake.

Anakuja kwa sababu ya kupwa na kujaa. Hapo mtu wa pwani atauelewa mpango mzima haraka kuliko Mwingereza wa bara. Ndege wa matopeni hawafuati jua, wanafuata maji. Maji yakipwa hutawanyika kilomita kwa kilomita, mchana au usiku, wakichokoa minyoo, konokono wadogo na kome. Maji yakijaa tope lote linafunikwa, na kwa saa mbili tatu hawana kazi nyingine ila kutafuta mahali pa kusimama, kukunja mguu mmoja, kufukia mdomo kwenye manyoya ya mgongoni na kulala. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, nafasi ipo, maana kinamasi hakizami chote. Siku za bamvua kinabaki kipande cha kokoto, kingo mbili tatu za hori, na miguu ya tuta lenyewe. Yaani siku ambayo ndege wanasogea karibu nasi kuliko siku zote ndiyo siku ambayo hawana kwingine pa kwenda. Sisi tunaiita siku nzuri. Tunaizungushia duara kwenye kalenda.

Nafasi yenyewe inazidi kupungua. Ardhi ya kusini-mashariki mwa England inazama polepole, bahari inapanda, na tuta halisogei. Zamani kinamasi kingerudi nyuma kidogo kidogo kuelekea bara. Sasa kinabanwa kati ya mawimbi na tuta mpaka kinamegeka. Siwalaumu waliojenga. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari iliingia na kuua watu 307 England peke yake, wengi wao Essex, Lincolnshire na Norfolk, na baada ya hapo matuta yaliinuliwa kwa haraka ya watu waliozika. Tangu 1995, hapo hapo Tollesbury, wameanza kufanya kinyume: walitoboa tuta makusudi na kuiruhusu bahari ilichukue tena shamba. Kusini zaidi, Wallasea Island, RSPB ilipokea takribani tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye njia mpya ya reli chini ya London, ikainulia ardhi ili kinamasi kipate pa kuota. Ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Halafu anakuja mtu na mbwa asiye na kamba. Ni kumtandikia mgeni kitanda kisha kumwamsha kila robo saa.

Kuna ndege mmoja ambaye ningependa kila mtu amtazame kwa nusu saa kabla ya kunibishia. Waingereza humwita grey plover. Ni wa kijivu, kichwa cha mviringo, jicho kubwa jeusi, na anapofungua mabawa unaona weusi kwapani. Hachokoi ovyo kama vitwitwi wadogo. Anawinda kwa macho. Anakimbia hatua chache, anasimama, anatulia kabisa, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha anadonoa na kuvuta mnyoo taratibu ili usikatike. Kisha hatua nyingine chache. Sasa fikiri kinachotokea tope likipoa. Minyoo huenda chini, hupunguza kujongea, haitoi tena ishara juu ya tope. Mwindaji wa macho anasimama, anatazama, haoni kitu, anakimbia tena. Mwisho wa Februari utamwona akifanya hivyo mara nyingi mno kabla ya kupata mlo mmoja wa maana, na usiku anaendelea. Akiba ya mafuta mwilini aliyoanza nayo majira ya baridi imekwisha kuliwa, na safari ya kurudi kaskazini iko mbele. Hesabu zake zinafunga pale tu anapopata kulala.

Mpiga picha naye ana shida yake. Kundi lililolala halipendezi kwenye simu. Linafanana na mawe. Anataka kundi hewani, vitwitwi kwa maelfu wakigeuka pamoja, kijivu, mara nyeupe, mara kijivu tena. Nani asiyependa kuliona hilo? Nalipenda. Lakini nimesimama juu ya tuta nikamshuhudia mtu mzima, mwenye vifaa vya bei ya gari dogo, akipiga makofi. Kundi lote likapaa. Likazunguka juu ya maji, likarudi, likasita, likapaa tena kwa sababu yule bwana alikuwa bado amesimama palepale. Alipopata picha yake akatusalimu kwa uchangamfu na kwenda kunywa chai.

Watu husema: mbona kozi huwarusha kila siku? Kweli, kozi huja, na akija hakuna anayelala. Lakini kozi akishakamata mmoja anakwenda kula. Mbwa hali, na hachoki, na nyuma yake anakuja mwingine, na Jumapili wako kumi. Ndege wale wale wanaoweza kumudu kozi mara mbili kwa siku hawawezi kumudu kozi pamoja na sisi sote.

Bata bukini weusi wa Blackwater wana habari ya kutia moyo zaidi, ndiyo maana huwa nawaachia muda. Ni wadogo kwa bukini, weusi kichwa na kifua, wenye alama nyeupe shingoni. Wanatoka Taimyr, Siberia. Kazi ninayoipenda mwezi Februari ni kutafuta wadogo kundini: waliozaliwa kiangazi kilichopita bado wana mistari myeupe ya kukata bawa, na bado wanaandamana na baba na mama. Kuna miaka unaona familia baada ya familia. Kuna miaka unapitisha darubini kundi zima na huoni mstari hata mmoja, na jibu liko kwa panya wadogo wa Aktiki waitwao lemingi. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga.

Katika miaka ya 1930 ugonjwa ulifyeka nyasi za bahari ambazo bukini hawa walizitegemea, na kwa kuwa uwindaji nao ulikuwepo, kufikia miaka ya 1950 walikuwa wamebaki yapata 15,000 duniani. Uingereza iliwapa ulinzi wa sheria mwaka 1954. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata, wenyewe wakajifunza kula ngano changa mashambani (wakulima wa Essex wana maneno yao kuhusu hilo, na si ya kuandika hapa), na leo wamevuka 200,000. Watu walikubali kujizuia, ndege wakarudi.

Na yule wa kijivu mwenye jicho kubwa hayuko Essex peke yake. Wiki hizi hizi za mwisho wa kaskazi, wenzake wako kwenye matope ya Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, wanajinenepesha kwa safari ya kuelekea Aktiki ile ile. Mida kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Unakaa. Maji yanapanda na kuwasogeza ndege kwako, wewe hujasogea hata hatua. Wapo pia wanaotembea matopeni kutafuta chambo na kitoweo, na hao sina neno nao, wanatafuta riziki. Mwenye lenzi hatafuti riziki.

Essex si kwamba hawajafanya kitu. Nyumba mpya zinazojengwa karibu na mwambao hutozwa mchango kwa ajili hii hii, nao unalipia walinzi wanaozunguka kwenye matuta wakizungumza na wenye mbwa. Ni watu wastaarabu wenye subira kuliko mimi. Lakini mazungumzo yana kikomo. Mwindaji hakuachiwa mazungumzo tu, alipewa tarehe.

Basi na sisi tupewe. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, kwenye vipande vya tuta vinavyopakana na malalo ya ndege, mbwa wawe kambani, na saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa asipite mtu siku za bamvua. Sisemi tuta zima. Ni vipande vichache, na ratiba ya maji inajulikana mwaka mzima kabla. Atakayetaka kuona aingie kibandani mapema na asitoke mpaka maji yaanze kupwa. Droni zisiruke kabisa. Na mashindano ya picha yaongeze swali moja kwenye fomu: ndege hawa waliruka kwa sababu gani? Atakayeandika kozi, na apokelewe. Atakayeiacha nafasi hiyo wazi, picha yake irudishwe.