Usiku Nilipogeuzwa Antena

Kwetu Tanga hatukuwa na televisheni. Baba, mwalimu, alisema ni jini la kula akili za watoto, na mwenye redio kama yake hapungukiwi na kitu. Zanzibar wana televisheni ya rangi tangu 1973. Bara tukangoja mpaka 1994, na nyumbani kwetu tukaendelea kungoja.

Tukawa wadoezi kwa jirani, fundi gereji. Masharti yake: unanawa miguu, unakaa chini, na mwenye nyumba akipiga miayo unaaga, hata picha iwe imefika patamu.

Julai 12, 1998, saa nne usiku, fainali ya Kombe la Dunia: Ufaransa na Brazil. Nilinawa mpaka magotini. Mpira haujachanganya, kioo kikajaa chenga.

"We mtoto wa mwalimu, kazungushe antena!"

(Wenye televisheni kwao huwa hawatumwi.)

Nikatoka, nikaushika mwanzi. "Kushoto! Umepitiliza, rudi! Hapohapo!" Nikiuachia, picha inapotea. Nikiushika, inarudi.

"Basi usiachie!"

Zidane wa Ufaransa akafunga kwa kichwa, ndani wakalipuka. Mimi nje, "Nani? Nani kafunga?" Kimya. Akafunga tena, kwa kichwa vilevile, nami nikaruka kwa kelele zao.

"Nani kakwambia uruke?"

Bahati nzuri, ng'ambo ya ua wa makuti redio ya baba ilikuwa inanguruma. Nikaufuata mpira huko, nimekumbatia mwanzi wa televisheni, mbu wananila. Desailly, naye wa Ufaransa, akatolewa kwa kadi nyekundu, nikajua kabla sijasikia watu wanaguna ndani. Dakika za nyongeza mtangazaji akapandisha sauti: Petit anakwenda, Petit yuko peke yake... Mikono ikapaa yenyewe.

Mwanzi ukalala juu ya banda la kuku. Waya ukakatika. Kuku wakapiga kelele kuliko mashabiki, na bao la tatu hakuna aliyeliona.

Walitoka wananitafuta kwa tochi. Kabla hawajanifikia, baba akachungulia juu ya ua: "Tatu bila! Njooni msikilize wanavyokabidhiwa kombe."

Wakaja wote, na mikeka yao na mabenchi, fundi mwenyewe akiwa mbele. Baba akaiweka redio dirishani, sauti mpaka mwisho, uso kaukaza kama hajafurahi.

Mama alikuwa amelala tangu saa tatu. Akaamka, akachungulia, akaona uani wanaume tupu wamejaa mikekani usiku wa manane. Akajitanda kanga, akatoka mbio huku analia:

"Jamani, nani amefariki?"