Tairi "jipya" la mwaka 2014

Juzi hapa mjini Mbeya muuzaji mmoja kaniviringishia tairi jeusi linang'aa, vinyweleo vya mpira bado vimesimama. "Jipya kabisa dada, halijawahi kugusa lami." Nikainama, nikafuta ile dawa ya kung'arishia kwa kidole gumba, nikasoma: 3114. Wiki ya 31 ya mwaka 2014. Nilipomuuliza, akacheka. "Hiyo namba ya kiwanda tu, dada yangu." Na bei ni ya jipya, bila haya.

Ni ya kiwanda kweli, na hapo ndipo ninapochemka. Tarehe ipo, ila wameiandika kwa ajili yao, si kwa ajili ya mnunuzi. Utafute herufi DOT, upite msururu wa herufi na namba zisizokuhusu, mwishoni ndipo ukutane na tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Hakuna nukta wala mkwaju wa kukushtua kwamba hiyo ni tarehe. Tena msururu kamili unaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi. Ule upande ukitazama ndani, lala chini ya gari na tochi. Pakiti ya maziwa, ambayo ikichacha nitaumwa tumbo na kesho nimepona, imeandikwa siku, mwezi na mwaka. Kinachotushusha mteremko wa Kitonga tumebanana na watoto mapajani, kinaandikwa kwa mafumbo!

Na msiniambie kashata, yale meno ya tairi, bado ndefu. Mpira unazeeka hata umekaa dukani. Oksijeni inaukakamaza, ozoni inaupasua, joto linaharakisha yote mawili. Kiwandani huchanganywa dawa za kuukinga, na dawa hizo husogea hadi juu vizuri zaidi tairi linapozunguka na kujikunja. Lililosimama linakosa hata hiyo nafuu. Ndiyo maana spea ya Noah iliyoning'inia chini miaka yote, ambayo tunajivunia kwamba "haijatumika", inaweza kuwa ya kuogopwa kuliko zote. Chungulia kati ya kashata utaona nyufa nyembamba. Hizo walau zinaonekana. Pale ndani, mikanda ya waya inaposhikana na mpira, huoni kitu mpaka siku ya jua kali na mzigo, ganda lote la juu linabanduka.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Wengi wanasema tairi likitimiza miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kwa macho ni zima. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema sita. Mwigizaji Paul Walker alipofariki kwenye ajali ya Porsche kule California mwaka 2013, wachunguzi walitaja matairi yaliyozidi miaka tisa. Walitaja na mwendo, tena mwendo kwanza, sawa. Lakini lile gari halikuwa la mtu aliyekosa hela ya tairi.

Najua wazee wa kijiweni watasema Mbeya kuna baridi, mpira haupikwi kama Dar. Haya, baridi inasaidia. Ila gari hilohilo asubuhi liko Uyole, mchana liko Kyela kwenye joto la ziwa, na kwenye mteremko mrefu breki zikichemka rimu nayo inachemka. Hapo baridi ya Uyole inakusaidia nini?

Mtasema pia hela. Mwenye hesabu ya kupeleka kila jioni hawezi kununua manne mapya kwa mpigo, na mimi simcheki anayenunua mtumba. Ndiyo maana nadai tarehe! Mtumba wa miaka mitatu uliotunzwa nitaufunga kabla ya "jipya" lililolala ghalani muongo mzima, na huyo mwenye mtumba ana haki ya kujua analipia umri gani. (Mitumba ya Japani mingine ni ya theluji, mpira laini unaoliwa haraka na lami ya moto. Hilo nalo nani anakwambia?)

Ninachotaka si kikubwa. Karatasi ya Kiswahili ibandikwe kwenye tairi: limetengenezwa Agosti 2014. Risiti nayo iandikwe hivyohivyo. Tumeweza kubandika stika ya Nenda kwa Usalama kwenye vioo vya magari yenye vipara vinne, hii itatushinda nini?

Mpaka hapo, ukiwa kwa fundi msimamie, upande wenye tarakimu nne kamili ukae nje. Atanuna, atakwambia tairi lina upande wake. Mengine kweli yanao: yenye mshale wa mzunguko, au yaliyoandikwa OUTSIDE. Lisilo na mshale wala maandishi hayo, aligeuze.